Kombe la Wino Mwekundu

Niliisikia kabla sijaiona. Nyuma ya pazia la chumba cha mbele kitu kilikoroma, kikakohoa, kikatulia kidogo kama kinachovuta pumzi, kisha kikaanza kusaga meno. Ilikuwa mchana, wiki ya Idi ya kuchinja, na Baba alikuwa ameniahidi mbuzi. Nilijua mara moja kinachotendeka humo ndani: mbuzi wangu anachinjwa bila mimi kuonyeshwa hata macho yake. Nikaziba masikio, nikapiga mayowe mpaka Bibi akatoka uani na mwiko mkononi.

"Unalia nini, mke mwenzangu?"

"Wanamchinja mbuzi wangu kwa kisu butu."

Bibi akavuta pazia. Hapakuwa na damu. Baba alikuwa amechuchumaa sakafuni, shati limemganda mgongoni, anafuata waya kwa kidole. Mama alikuwa kwenye stuli mbele ya kompyuta waliyoinunua mkononi mwa mtu huko Dar es Salaam, yenye kitumbo nyuma kama televisheni za zamani. Pembeni yake kisanduku cha kijivu kilikuwa kinatoa ulimi mweupe, polepole, kwa mikwaruzo. Baba akauchomoa ule ulimi, akanipa. Ulikuwa umeandikwa jina langu kwa herufi nene kama vidole vyake.

"Shika," alisema. "Bado ina joto."

Niliamini kwamba ni mnyama. Wakubwa walicheka, wakanieleza kuwa ni mashine, inaitwa printa. Nami nikaitikia kwa adabu, huku moyoni nikishikilia langu. Kitu kinachokoroma, kinachomeza karatasi na kuzitema zikiwa na joto la mwili, kingekuwa nini kingine?

Juzi niliingia duka la fotokopi kutoa nakala ya kitambulisho. Kijana wa dukani akanipa karatasi ikingali na joto lake, nami bila kufikiri nikaipeleka puani. Nikabaki nayo hapo hapo, macho nimeyafumba. "Dada, kuna tatizo?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Lakini ulimini nilikuwa na ladha ya ukwaju na wino, na ndani ya masikio nilisikia mfupa ukivunjika.

Baba hakuitumia sana ile mashine. Alikuwa akipanda pikipiki kwenda kununua mahindi upande wa Msata, na siku moja lori liliacha njia likampitia. Walimleta nyumbani Bagamoyo ameshafungwa ndani ya sanda, na mtu mmoja akanishika kichwa akanigeuza nitazame ukuta. Mama akakaa eda. Alipotoka ndani alikuwa amekonda shingo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukipangusa kile kisanduku cha kijivu kwa upindo wa kanga, akakiwasha, akabandika dirishani karatasi iliyosema kwamba hapa tunachapa.

Wateja wakaja. Walikuja na barua za kuomba kazi, na kadi za harusi, na zaidi ya yote walikuja kutaka mabango ya kubandika: barafu zinauzwa, chumba kinapangishwa, usikojoe hapa. Wakamwita Mama Printa. Kwa kuwa katriji mpya zilikuwa hazipatikani kirahisi, Mama alijaza zile za zamani kwa bomba la sindano, akivuta wino wa chupa na kuuchoma ndani taratibu kama nesi. Ulikuwa wino wa hovyo. Ukiugusa kwa jasho unachuruzika, ukinyeshewa unalia mpaka karatasi yote inakuwa na machozi. Ndiyo maana kila bango Mama alilitia kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kumkabidhi mtu.

Nakumbuka mzee mmoja wa jirani, mfua nazi, mwenye ua usio na hata kuku.

"Mama Printa, niandikie mbwa mkali."

"Una mbwa wewe, mzee wangu?"

"Sina. Ningekuwa naye ningekuja kwako kufanya nini?"

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mzee akabandika karatasi yake langoni, na tangu siku hiyo watoto wa madrasa wakawa wanavuka upande wa pili wa njia. Mimi mwenyewe niliapa mbele ya wenzangu kwamba nimemsikia yule mbwa akibweka. Sikuwa nasema uongo. Nilimsikia. Kwangu mimi karatasi ya Mama haikutoa habari ya mbwa, ilimzaa mbwa. Na nilikwisha kuona kinyume chake pia: nyumba za kando ya barabara kuu zilipigwa alama nyekundu ukutani, na baada ya muda zikaja mashine zikaziangusha. Maandishi yaliangusha nyumba na maandishi yalifuga mbwa. Dunia ilikuwa imepangwa hivyo na sikuona ajabu yoyote.

Kisha akaja Baba Mdogo.

Alikuwa mdogo wake Baba, kitindamimba wa Bibi, jina lake Shomari. Alikuwa na mikono mizuri, mipana, ambayo zamani ilinirusha juu na kunidaka. Mama alipotoka eda alianza kuja kutoka Chalinze kila mara, na kila alipokuja mikono ile ilikuwa imekunjwa. Sheikh alikwisha kugawa mirathi: Mama alikuwa na fungu lake katika ile nyumba, mimi langu, Bibi lake, na Baba Mdogo lake. Fungu lake lilikuwa la haki, na Mama hakulikana hata siku moja. Ila yeye alitaka nyumba yote iuzwe, kila mtu ashike chake aondoke.

"Subiri mtoto akue, shemeji," Mama alimwambia. "Tutakwenda wapi sasa hivi?"

"Kwa hiyo mimi nizeeke nikisubiri mtoto akue."

"Na mama yako je? Naye aende wapi?"

"Mama yangu niachie mimi."

Mama yake alikuwa hapo hapo, kwenye mkeka, anachagua mchele. Alisogeza ungo kidogo, akaendelea kuchagua.

Watu wa mjini tunajua dawa ya nyumba inayouzwa kwa siri: unaiandika. Mama akaketi mbele ya kompyuta, akachagua herufi kubwa kuliko zote na rangi nyekundu, na mnyama akakoroma. NYUMBA HII HAIUZWI. Akaibandika mlangoni kwa selotepu.

Baba Mdogo alipoiona aliicheka kwanza. Kisha akaing'oa, akaichomoa kwenye nailoni, akaikunja ngumi na kuitia yote kinywani. Akatafuna mbele yetu, mashavu yamejaa, macho hayapepesi, halafu akamtemea Mama kile kidonge cha karatasi kifuani.

"Haya, nimeyala maneno yako. Mbona sijafa?"

Mama akaokota kile kidonge, akakitupa jaani, akarudi kwenye stuli. Mnyama akakoroma tena.

Hivyo ndivyo vita vilivyokwenda. Yeye anang'oa, Mama anachapa. Mara ya pili alimpiga kofi mbele ya mteja aliyekuja kuchapisha kadi za harusi ya bintiye, na yule mteja akakusanya kanga zake akaondoka bila kadi. Mdomo wa Mama ulipasuka. Alichapa bango jingine hapo hapo, na tone moja likadondoka kwenye karatasi, likakaa kando ya neno la mwisho kama nukta. Sikuweza kutenganisha wekundu wake na wekundu wa herufi. Mara nyingine Baba Mdogo alimkamata nywele akampigiza paji la uso kwenye ukingo wa meza, mara moja tu, bila haraka, kama mtu anayepasua yai. Wateja wakapungua. Majirani walisema wao hawaingilii mambo ya mirathi.

Halafu akaja na panga. Hakumgusa mtu siku hiyo. Alisimama nje, tukiwa tumejifungia, akaipiga ile karatasi ikiwa mlangoni. Panga lilipita kwenye nailoni, kwenye karatasi, likazama ndani ya mbao, na upande wetu ncha yake ikachungulia kati ya nyufa, ikang'ang'ania, ikarudi. Aliliacha neno limekatika vipande viwili. Nilijikojolea nikiwa nimesimama. Bibi aliniosha miguu kwenye beseni, na maji yalipotulia nilimwona anatetemeka kidevu.

"Bibi, kwa nini Baba Mdogo hasikii maneno ya Mama?"

"Ameyasoma tu. Ya kusoma yanaishia machoni."

Sidhani kama alijua ananipa nini. Mwaka ule ule nilikuwa nimeugua homa kali, na Bibi aliniitia mwalimu wa chuo cha Kurani, akaniandikia kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji na marashi ya waridi, nikanywa yale maji ya manjano mpaka tone la mwisho. Kesho yake nikaamka naomba uji. "Umeona?" Bibi aliniambia wakati ule. "Yameingia kwenye damu." Sasa mambo yakajipanga kichwani mwangu, yote kwa mstari. Baba Mdogo alikwisha kuyala maneno, lakini aliyala makavu, akayatema. Hakuna anayetafuna sahani. Kosa lilikuwa ni namna ya kumpa dawa.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Baba Mdogo alituma salamu kwamba baada ya sala atakuja na mgeni wa kuangalia nyumba, na kama karatasi itakuwa mlangoni, ataichoma pamoja na aliyeichapa. Mama alibandika karatasi mpya, kisha akaenda kuketi kwenye stuli yake, mikono mapajani. Bibi yeye alitengeneza juisi ya ukwaju. Mgeni ni mgeni, alisema, hata akija kukutoa kwako.

Nikaburuta kigoda, nikapanda, nikaing'oa ile karatasi ikiwa bado haijakauka vizuri. Uani nilichukua sahani nyeupe. Nikaitoa kwenye nailoni, nikailaza, nikaimwagia maji kwa kata, nikasoma Alhamdu mpaka mwisho bila kukosea. Herufi zikaanza kutoka. Kwanza zilivimba kando, kisha zikaachia, zikaelea kama nyuzi, na sahani yote ikawa nyekundu. Karatasi ikabaki na vivuli tu. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Nikakimimina chote ndani ya jagi la ukwaju, nikakoroga, nikaongeza sukari, kwa kuwa nilikumbuka kombe lina uchungu.

Mgeni alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Walikaa barazani. Niliwapelekea juisi kwenye sinia, nikapiga goti, nikasema shikamoo, nao wakaitika marahaba. Baba Mdogo alikunywa bilauri nzima kwa mkupuo, maana alikuwa anatoka juani. Mgeni alikunywa, akasifu, akaongezwa. Walizungumza habari za upana wa kiwanja na njia ya gari. Nilisimama na sinia kifuani, nikisubiri maneno yaingie kwenye damu.

Mgeni ndiye aliyeona kwanza.

"Shomari," alisema, "mdomo wako una nini?"

Baba Mdogo akajifuta kwa mkono wa kanzu. Kanzu ilikuwa nyeupe, ya Ijumaa. Ikatoka na mstari mwekundu. Mgeni akajifuta naye kwa kitambaa chake, akakitazama, akatoa ulimi, akakigandamiza tena kile kitambaa. Vinywa vyao vilikuwa vyekundu kama vya walaji tambuu, ila vilikuwa vinachuruzika kwenye pembe.

"Binti," mgeni akaniambia polepole, "hii ni juisi ya nini?"

"Ya ukwaju."

"Na nini kingine?"

"Na kombe."

"Kombe la nini, mwanangu?"

"La karatasi ya mlangoni," nikasema, kwa sauti ile ya kujibu swali madrasa. "Nyumba hii haiuzwi."

Aliinuka kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa mwili ule. Alitema mate mchangani, akayatazama, akatema tena.

"Ndugu yangu, mimi nilikuja kununua nyumba. Sikuja kulishwa nyumba. Nyinyi watu wa Pwani nawaogopa, na sioni haya kusema."

"Ni mtoto huyu, usimsikilize, bwana—"

"Ni mtoto, lakini kinywa changu kimefanya nini?"

Akaenda zake, akitembea upande upande, asitupe mgongo. Nilimtazama Baba Mdogo nikitegemea kumwona akitulia, kama mimi nilivyotulia baada ya homa. Nilidhani atanishika kichwa. Labda atalia, aombe radhi, anirushe juu.

Aliingia ndani, moja kwa moja hadi chumba cha mbele. Alimwita Mama mchawi, mara nyingi, kila mara kwa pigo. Mama hakujua lolote kuhusu kombe. Aliona tu mtu mwenye kinywa cha damu anamjia. Alimng'ata kifundo cha mkono mpaka akanyofoa nyama, na kwa hilo akapigwa teke la mbavu lililomlaza. Kisha Baba Mdogo akaishika ile printa kwa mikono miwili, akaichomoa na nyaya zake, akatoka nayo mpaka uani, akaiinua juu ya kichwa na kuibwaga kwenye sakafu ya saruji.

Ilifunguka. Ikatoa magurudumu madogo na mkanda, na wekundu ukaruka kutoka kwenye utumbo wake, ukapiga ukuta, ukapiga beseni, ukapiga miguu yangu, kisha ukaanza kutambaa sakafuni kuelekea mfereji. Nilikuwa nimesema kweli tangu siku ya kwanza. Alikuwa ni mnyama, na sasa wamemchinja, tena kwa kisu butu.

Nilipiga kelele, na zile kelele zikamgeuza. Akanishika taya. Jagi lilikuwa bado na juisi nusu.

"Maliza na wewe," alisema. "Kunywa. Si dawa? Kunywa dawa yako."

Ukingo wa jagi ulinigonga meno. Ukwaju ulinijaa kinywani, ukapanda puani. Nilimeza, nikameza, kisha nikashindwa, na hewa haikuwepo. Nilimwona juu yangu, kinywa chekundu, na nyuma yake anga jeupe la mchana. Mama alikuwa anatambaa kizingitini akiita jina langu. Kisha nikasikia ule mlio mkavu, kama kijiti cha mhogo kinapovunjwa kwa goti, na jagi likaanguka.

Bibi alikuwa amesimama na mchi wa kinu. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyehitaji kushikwa mkono kupanda ngazi ya msikiti, na aliuinua ule mchi tena.

Baba Mdogo alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wake uliokuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Mama. Umenivunja mkono."

"Nimeuona."

"Mama, mimi ndiye niliyebaki."

"Nilizaa wawili," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chumvi. "Mmoja ameliwa na lori. Huyu mwingine sitamtazama akila mjukuu wangu. Inuka uende hospitali."

"Unanifukuza kwa ajili ya mke wa mtu?"

"Inuka, Shomari, kabla sijakuwa mama mbaya zaidi ya hivi."

Nyumba ile bado ipo. Fungu lake Baba Mdogo lilikuja kumalizwa na masheikh nikiwa msichana mkubwa, kwa utaratibu, na aliyekuja kulipokea kwa niaba yake alikuwa mtu mwingine. Mama alipona mbavu, akajifunza kushona. Kwa muda mrefu mimi niliamini kwamba kombe langu lilifanya kazi, ila lilichelewa kidogo kufika kwenye damu. Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kukumbuka vizuri kwamba katika ile nyumba nzima ni mtu mmoja tu ambaye siku zote hizo maneno yalikuwa yakimwingia, karatasi baada ya karatasi, kofi baada ya kofi, akiwa kimya juu ya ungo wa mchele. Na hakuwahi kujua kusoma herufi zile za kompyuta. Alijua kusoma Kurani, na alimjua mwanawe.

Siku ile Baba Mdogo alisimama kwa kujisaidia na ukuta, akaacha alama ya kiganja chekundu ambayo chokaa ya kila Idi haikuweza kuifuta. Akapita sebuleni, akipita kando ya Mama bila kumtazama. Bibi alimfuata nyuma kwa hatua zake fupi, akiukokota mchi, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Mlangoni Baba Mdogo akasita, nadhani alikuwa akisubiri aitwe. Mlango haukuwa na karatasi, niliiosha mimi. Ulikuwa na mabaki ya selotepu tu, na kovu la panga.

Akatoka. Bibi akauegemea ule mlango kwa mgongo, mchi kifuani, akausukuma kwa uzito wake wote mpaka komeo likaingia.